Kibali cha mstaafu hukwama kwenye pasipoti

Bibi alitusalimia wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaketi na kuweka bahasha ya kaki juu ya meza. Aliyemleta ni mama jirani yake, mkulima wa zabibu, ambaye ndiye humsindikiza hospitali na kumpokelea simu za benki. "Mwanangu, tumewahi," mama akaniambia. "Kibali cha bibi bado kina miezi miwili na ushee."

Kibali chake cha ukaazi kweli kilikuwa na miezi miwili na ushee. Nilipofungua pasipoti yake ya Ujerumani nikakuta imebakiza miezi minne. Chini yake palikuwa na barua ya pensheni, Kijerumani kitupu, ya miaka mitatu nyuma. Bibi huyu aliuguza watu wa mkoa huu tangu mimi sijazaliwa. Amewapokea mikononi watoto ambao leo ni wazazi. Na sasa kukaa kwake nyumbani kwake kulining'inia kwenye tarehe mbili ambazo hakuna mtu aliyekuwa akiziangalia.

Sisi ni ofisi ya hapa Dodoma inayowasaidia watu kuomba vibali, na makala haya tunawaandikia ninyi mnaoishi na wazee wa namna hii, wastaafu wenye pasipoti za nje: wake na waume zao, watoto waliowalea, makatibu wa parokia, wenye nyumba wanazopanga. Wao wengi hawatasoma hapa. Ninyi ndio mnaowakumbusha dawa, basi mtawakumbusha na hili.

Kwanza tuweke jina sawa. Wateja hutuuliza "viza ya kustaafu", kwa sababu nchi kadhaa duniani zinayo kwa jina hilo. Kwa hapa kwetu viza ni ruhusa ya kuingia, na ile ya kawaida haimfikishi mtu mbali zaidi ya siku 90. Kinachomkalisha mstaafu nchini ni kibali cha ukaazi, Daraja C. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B ni la walioajiriwa, na C ndilo linalobeba wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wastaafu. Maombi hupelekwa kwa mtandao kwenye mfumo wa Idara ya Uhamiaji, mwombaji akapata namba ya malipo ya serikali, akalipa, akasubiri. Kuhuisha nako ni hivyo hivyo.

Ukiangalia hatua hizo utadhani kazi yote ni kujaza fomu. Kujaza fomu kunatuchukua asubuhi moja. Shida ni kwamba kibali kinasimama juu ya karatasi ambazo hazitoki Tanzania, na kila moja ina saa yake inayokwenda bila kumsubiri mwenzake.

Pasipoti ndiyo nzito kuliko zote. Inatakiwa iwe na uhai wa kutosha, angalau miezi sita mbele, na mzee anayekaa kijijini bila kusafiri haioni pasipoti yake mwaka mzima. Iko kabatini, chini ya vitenge. Sasa pasipoti ya Ujerumani haihuishwi kwa kutuma mtu. Mwenyewe lazima afike ubalozini Dar es Salaam, achukuliwe alama za vidole, halafu pasipoti ichapwe Berlin na kurudishwa. Hayo ni majuma, si siku. Balozi nyingi bado ziko Dar, ingawa makao makuu ya nchi ni hapa Dodoma, kwa hiyo kwa mtu wa miaka zaidi ya 80 safari yenyewe ni jambo la kupanga. Tunashukuru treni ya SGR, ambayo tangu Julai 2024 inafika Dodoma: badala ya kutwa nzima kwenye basi, bibi alikaa kitini kama saa nne hivi, akashuka miguu haijavimba. Mama jirani alikwenda naye na chupa ya uji.

Pasipoti mpya ilipofika, kibali cha zamani kilikuwa kimebakiza siku 11. Tulituma maombi siku hiyo hiyo. Sitaki tena kuhesabu siku za mteja kwa namna hiyo. Usiku nilikuwa naamka.

Neno moja kuhusu pasipoti ya zamani: msiitupe wala kuiacha ubalozini kama inaweza kurudishwa. Kibali kilichopo kimeunganishwa na namba ya pasipoti ile. Mzee akisafiri kabla mambo hayajakaa sawa, abebe zote mbili.

Karatasi ya pili ni ya pensheni, na hapa ndipo nimeona watu wanateseka bila kujua chanzo. Mstaafu anapoomba kukaa nchini anatakiwa kuonyesha kwamba ana kipato kinachomtunza. Kipato hicho kinatoka kwao. Na mifuko ya kwao inataka kuthibitisha kwamba mlipwaji yu hai. Wajerumani hutuma hati ya uhai kila mwaka. Wamarekani wana fomu yao, namba SSA-7162, inayokuja kwa posta. Waingereza nao hutuma yao. Fomu isiporudi, malipo husimamishwa.

Fikiria safari ya fomu hiyo: inatumwa kwenye sanduku la posta la parokia, sanduku ambalo padri aliyekuwa na ufunguo alihamishwa. Barua inakaa humo miezi mitano. Pensheni inakatwa. Mzee anajibana, anauza mbuzi, anakopa kidogo dukani, hataki kumsumbua mtu. Ikifika zamu ya kuhuisha kibali, taarifa ya benki ina miezi minne mitupu. Aliyeko mezani Uhamiaji anaona mtu asiye na kipato, na kwa karatasi alizo nazo hana sababu ya kuona vingine. Ndiyo maana sisi, mteja akileta kibali, huwa tunauliza fomu ya uhai ya mwaka huu iko wapi kabla hatujauliza jambo jingine.

Kwa wastaafu wa Uingereza kuna jambo la ziada. Pensheni ya serikali yao haipandi kila mwaka kwa anayeishi Tanzania, kwa kuwa nchi zetu mbili hazina makubaliano ya hifadhi ya jamii. Inabaki kwenye kiwango kile kile alichoanza nacho huku, au alichokuwa nacho alipohamia. Ukiona taarifa za benki za miaka kumi zina pauni zile zile, hakuna kosa la benki wala hakuna aliyeiba. Ila kama kiasi kimekuwa kidogo, ongezeni taarifa za akiba nyingine au barua ya mtoto anayemsaidia, mapema.

Barua ikiwa ya Kijerumani au Kiitaliano, itafsiriwe na mtu anayetambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linafanya kazi hiyo. Tafsiri ya mpwa anayejua lugha, hata iwe nzuri vipi, haina muhuri.

Na majina. Bibi wetu pasipoti ilimwandika kwa jina la mume, pamoja na lile la kuzaliwa. Benki ilimwandika kwa la mume peke yake, na kwenye kibali cha zamani mtu fulani aliruka herufi moja. Tulikaa naye mezani, karatasi nne zimepangwa sambamba, nikapitisha kidole herufi kwa herufi huku yeye akitamka. Tulipofika kwenye ile herufi iliyorukwa akacheka, akasema kumbe miaka yote alikuwa mtu mwingine. Wamarekani wana mtego wao: wao huanza na mwezi. Tarehe 04/09 kwao ni tarehe 9 Aprili, na kwetu ni tarehe 4 Septemba. Tumeshapokea mteja aliyedhani ana miezi mitano ya ziada. Siku hizi tunaandika mwezi kwa herufi, kila mahali.

Kuna kundi jingine ambalo mazungumzo nalo ni magumu, na siwezi kuyapita haraka. Ni ndugu zetu waliozaliwa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, wakaenda nje wakiwa vijana, wakachukua uraia wa huko ili wapate kazi nzuri, na sasa wamestaafu wanarudi. Wamejenga. Mama bado yuko hai. Halafu tunalazimika kuwaambia kwamba sheria yetu ya uraia haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na kwa kuchukua ule uraia mwingine alipoteza huu. Anahitaji kibali kama mgeni mwingine yeyote, na ardhi nayo ina masharti yake kwa asiye raia. Nimemwona mzee wa miaka 68 akilia kwenye kiti hicho hicho cha wateja. Suala la hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania lilifika bungeni mwaka 2025, na tunalifuatilia kwa ajili yao, lakini hadhi maalumu siyo uraia. Kama una kaka au shangazi anayejiandaa kurudi, mwambie aulize kabla hajasafirisha kontena. Akija kwa viza ya kawaida akiamini "nimefika kwetu", siku 90 zinakwisha kabla rangi ya nyumba haijakauka.

Kibali cha mstaafu vilevile si cha kazi. Muuguzi mstaafu anayeombwa ashike zamu kliniki, mwalimu anayeombwa afundishe Kiingereza kwa posho, mzee anayetaka kufungua nyumba ya wageni yenye vyumba vitatu huko Kisasa: wote hao wanahitaji daraja jingine, na ajira inahitaji pia kibali cha kazi. Wanafanya kwa moyo mwema, na wanaowaomba nao wana moyo mwema. Bado ni kosa, na linaweza kumharibia mzee ukaazi wake wote. Tafadhali msimwombe.

Mwisho, vishoka. Mwaka juzi tulipokea mzee ambaye kijana mmoja wa steshenari alimjazia maombi kwa barua pepe ya huyo kijana mwenyewe, na nywila akabaki nayo kijana. Namba ya malipo ilitoka, ikaja kwenye barua pepe ya kijana, kijana akawa amebadili simu. Mzee alisubiri majuma saba bila kujua kwamba anasubiriwa yeye. Akaunti ya maombi lazima iwe ya mwombaji, kwa barua pepe na simu yake au ya mtu anayemwamini nyumbani. Sisi tukimaliza kujaza, tunamwandikia nywila kwenye karatasi, tunaifunga kwenye bahasha, anaondoka nayo. Malipo ya serikali analipa mwenyewe kwa namba iliyotoka kwenye mfumo, hayapiti mikononi mwetu. Ada yetu tunaitaja kabla ya kugusa karatasi. Hatutoi vibali wala hatuna mtu ndani wa kuharakisha, na anayewaambia anaye, msimpe hata shilingi.

Tunachofanya ni hiki: tunafungua faili la mzee, tunaandika tarehe zake zote tatu, ya pasipoti, ya kibali na ya fomu ya uhai, na tunampigia mtu wa nyumbani miezi tisa kabla ya ile inayotangulia kuisha. Miezi tisa inatosha kwenda Dar mara mbili, kusubiri Berlin, kutafsiri na kusahihisha herufi. Kwa walio Mvumi, Kongwa na Chamwino tunakuja wenyewe Jumamosi, kwa nauli tu ya kwenda na kurudi.

Mkija ofisini, njooni na pasipoti yenyewe. Kopi haitoshi, maana mara nyingi ukurasa wenye tatizo ndio ambao haukutolewa kopi.