Wale wanawake wa Clapham walikwenda msibani

Mhariri,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaacha, lakini juzi nimeongea na shemeji yangu kwa simu, mume wa dadangu, yuko Nairobi, tukafika kwenye habari ya wanawake kuandamana wakapigwa mabomu ya machozi, akaniambia mtu akiambiwa na polisi asikusanyike basi asikusanyike, hata huko kwenu Uingereza wanawake walikatazwa kwenda kumlilia yule Sarah, waliokaidi wakakamatwa na maisha yakaendelea, hakuna aliyelalamika manake wenzetu wanaheshimu sheria. Nilishindwa kumjibu vizuri, nikakata simu nimekasirika. Nimeishi London Kusini miaka 14 sasa, siku ile nilikuwepo, na habari si hiyo hata kidogo.

Nianze na marehemu mwenyewe manake kwenye kelele zote hizi yeye ndo husahaulika. Sarah Everard alikuwa na miaka 33. Jumatano tarehe 3 Machi 2021 alitoka kwa rafiki yake upande wa Clapham, saa tatu hivi usiku, akashika njia kwa miguu kurudi kwake Brixton. Si usiku wa manane, si vichochoroni, ni barabara kubwa ina taa na magari yanapita, mtoto wa watu kavaa raba miguuni, njiani anaongea na mpenzi wake kwa simu. Akasimamishwa na askari. Na nasema askari manake hakuwa mtu aliyejifanya, alikuwa askari kweli wa polisi ya London, Wayne Couzens, wa kitengo cha kulinda bunge na balozi. Akamuonyesha kitambulisho cha kazi, akamfunga pingu, akamtia kwenye gari alilokodi. Upande wa mashtaka ulieleza kortini kwamba huyu mtu alikuwa ameshafanya doria za korona na kuna uwezekano mkubwa alimdanganya Sarah kuwa amevunja masharti ya korona. Kuna watu walipita na gari wakaona anafungwa pingu, wakadhani ni askari kanzu anakamata mhalifu, wakaenda zao. Hapo ndo huwa nashindwa kuendelea, manake hata mimi nisingesimama. Nani husimama kumuuliza polisi unampeleka wapi huyo?

Mwili ulipatikana tarehe 10 msituni karibu na Ashford, Kent.

Sasa kumbukeni huku tulikuwa ndani. Korona, watu wamefungiwa, mazishi mwisho watu 30. Na mimi siidharau korona, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, nimewavalisha wazee nguo asubuhi nikasikia wamekufa wiki inayofuata, na mamangu mdogo nimemzika kwa simu, nimekaa kitandani Streatham natazama watu wanne wanamfukia Mombasa na picha inakatika katika. Kwa hivo mtu asiniambie sielewi kwa nini mikusanyiko ilikatazwa.

Lakini wanawake walikuwa wanataka kumlilia mwenzao. Wanne kati yao wakaanzisha kikundi cha Reclaim These Streets, yaani turudishieni barabara hizi, wakapanga mkesha Jumamosi tarehe 13, saa kumi na mbili jioni, kwenye kile kibanda cha duara cha kupigia muziki katikati ya uwanja wa Clapham Common. Hawakufanya kwa kuvizia, walikwenda kwa polisi wenyewe kuuliza tufanye vipi iwe salama, barakoa, watu kusimama mbalimbali, yote hayo. Jibu likawa ni kinyume cha sheria na mkiendelea mnaweza kupigwa faini ya pauni elfu kumi kila mmoja. Ijumaa wakakimbilia mahakama kuu, jaji hakutoa agizo waliloliomba, Jumamosi asubuhi wakatangaza wameahirisha na kila mtu awashe mshumaa mlangoni kwake saa tatu na nusu usiku, ile saa Sarah aliyoonekana mwisho.

Mimi nilikwenda mchana. Bibi mmoja ninayemtunza, ana miaka 80 na zaidi, hatoki nje kabisa, alikuwa na maua ya manjano kwenye gilasi dirishani, akayatoa yakichuruzika maji akayafunga na gazeti akaniambia nipelekee. Nilipofika nikakuta maua yameshapanda ngazi za kile kibanda mpaka juu, mengine bado yana bei ya supamaketi kwenye plastiki, na vikaratasi vimeandikwa kwa mkono, kimoja kinasema alikuwa anarudi nyumbani tu. Watu wamenyamaza kimya. Mtu anaenda, anaweka, anarudi nyuma kumpisha mwengine, mama na binti yake mdogo wamesimama mbali kidogo wameshikana mikono. Hata mke wa Prince William alipita siku hiyo akaweka yake. Askari walikuwepo wamesimama pembeni hawakumgusa mtu. Yaani ilikuwa kama msibani kwetu pale mwanzo mwanzo, kabla ya watu kuanza kusemeshana, kila mtu anatafuta pa kuweka macho.

Nikaondoka manake nina zamu ya usiku. Yaliyofuata nimeyaona kwa simu, nikiwa kwenye basi.

Giza lilipoingia watu waliongezeka wakawa mamia, wanawake wakapanda kwenye kile kibanda wakaanza kuongea bila spika, walioko mbele wanarudia maneno kwa walioko nyuma. Hapo askari wakaingia, wakapanda ngazini kwenye maua, wakaanza kuwatoa. Watu wakapiga kelele aibu yenu, mkamateni mwenzenu kwanza. Ile picha iliyozunguka dunia nzima ni ya msichana mwenye nywele nyekundu, Patsy Stevenson, mwanafunzi wa fizikia, kalazwa chini kifudifudi mikono nyuma, barakoa usoni, anatazama juu. Askari wamemuinamia. Niliiona nikiwa nimekaa siti ya juu ya basi, na mwanamke wa siti ya mbele alikuwa anaitazama picha hiyo hiyo kwenye simu yake, akageuka tukatazamana, hatujuani, akatingisha kichwa tu. Nilipofika kazini nikampigia mamangu. Nikamweleza nani aliyemuua na nani waliokuja kuwafukuza. Akasema neno moja tu, kikulacho, wala hakumalizia.

Eti hakuna aliyelalamika. Usiku ule ule meya Sadiq Khan alisema haikubaliki, waziri wa mambo ya ndani Priti Patel mwenyewe, ambaye si mtu wa kupenda maandamano, alisema picha zile zinaumiza akataka maelezo, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats akamtaka mkuu wa polisi Cressida Dick ajiuzulu. Mama yule ndo mwanamke wa kwanza kuongoza polisi ya London, akakataa kujiuzulu, akasema na yeye angekwenda kwenye mkesha lau ungekuwa halali. Neno lile liliudhi watu wengi ninaowajua, manake aliyekataa kuuhalalisha ni nani? Kesho yake Jumapili watu walijaa mbele ya makao makuu ya polisi wakaandamana mpaka bungeni, na wiki hiyo hiyo wabunge walikuwa wanajadili mswada wa kuwapa polisi nguvu zaidi juu ya maandamano, kwa hivo hasira zikapata pa kushika.

Ni kweli, nisifiche, wakaguzi wa polisi walitoa ripoti mwisho wa Machi wakasema askari hawakukosea na hawakutumia nguvu kupita kiasi, ila wakakubali polisi waliharibu jina lao mbele ya wananchi. Wako watu waliosoma hiyo ripoti wakasema basi yameisha. Hayakuisha. Wale wanawake wanne walirudi mahakamani, na tarehe 11 Machi 2022 mahakama kuu ikaamua kuwa polisi walivunja haki zao za kusema na kukusanyika, manake hawakukaa wakapima kama kumlilia mtu na kudai usalama kungeweza kuwa sababu ya msingi ya kutoka nje hata wakati wa korona, walikimbilia kukataza tu. Polisi wakaomba kukata rufaa wakanyimwa ruhusa. Kesi za waliofunguliwa mashtaka kwa kuhudhuria zikafutwa, na Septemba 2023 Patsy Stevenson na mwenzake Dania Al-Obeid wakalipwa fidia na kuombwa radhi. Miaka miwili na nusu imepita tangu wakamatwe, lakini wameombwa radhi.

Mimi nadhani kilichouma watu sio kusukumwa, polisi husukuma watu kila siku. Kilichouma ni kwamba ile nguvu ya korona iliyomwezesha yule mtu kumfunga pingu Sarah, kitambulisho, pingu, maneno ya sheria mdomoni, ndo hiyo hiyo iliyoletwa kuwafukuza waliokuja kumlilia, siku kumi baadaye, hapo hapo karibu na alipochukuliwa. Hakuna mkuu wa polisi hata mmoja aliyefikiri leo askari wetu wasimame mbali kabisa, wavue kofia? Kwetu jirani akigombana na nyinyi miaka kisha mtoto wake akasababisha msiba nyumbani kwenu, huyo jirani haji kusimama mlangoni kuhesabu wangapi wameingia kuhani.

Na sisi weusi wa huku tuna letu juu ya hilo. Juni 2020, miezi tisa kabla, dada wawili Bibaa Henry na Nicole Smallman waliuawa kwenye bustani ya Fryent huko Wembley, askari wawili waliowekwa kulinda miili wakaipiga picha wakawatumia wenzao WhatsApp. Walifungwa Desemba 2021. Mama yao, mchungaji Mina Smallman, amelisema hili hadharani mara nyingi, na mimi nilikuwa nawakumbuka wanawe nikiweka yale maua ya bibi. Couzens alipohukumiwa kifungo cha maisha bila kutoka, Septemba 2021, polisi walitoa ushauri kwamba mwanamke akisimamishwa na askari aliye peke yake akamtilia shaka anaweza hata kupungia basi mkono likasimama. Nilimsomea bibi ushauri huo. Akaniuliza, na basi likiwa halipiti?

Sasa shemeji, najua gazeti hili unalisoma na najua kwa nini ulisema vile. Tarehe 10 Desemba 2024, siku ya haki za binadamu, wanawake wa Nairobi walitoka kusema basi tusiuawe tena, mwaka ule ule polisi wenyewe walikuwa wametangaza wanawake 97 wameuawa ndani ya miezi mitatu tu, Agosti mpaka Oktoba, na yule mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alikuwa amechomwa moto na mtu aliyekuwa mpenzi wake miezi mitatu nyuma. Wakapigwa mabomu ya machozi. Binti yako, ambae ni mwanangu pia, alikuwa kwenye umati ule, alirudi nyumbani macho mekundu na kiatu kimoja, dadangu alinitumia picha akiwa anamuosha uso na maziwa. Uliogopa. Na mtu akiogopa kwa ajili ya mtoto ni rahisi zaidi kumkataza mtoto kuliko kumwambia OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kitu.

Lakini kifungu cha 37 cha katiba kinampa ruhusa ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na hakuna korona sasa ya kusingizia. Wenye kuandaa maandamano wanapopeleka notisi kituoni, polisi wakae nao chini siku mbili kabla, wakubaliane njia, wafunge barabara kwa saa mbili, waweke askari wa kike mbele na mabomu wayaache kituoni. Hilo halihitaji bajeti. Clapham lingewezekana kwa chaki tu, za kuchora alama kwenye nyasi watu wasimame wapi.

Mtoto akitaka kwenda tena, nenda nae. Mshike mkono. Na unipigie, nilikata simu vibaya.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpwani wa Streatham,
London.