Masomo ya mtandaoni yawe na saa ya kuchati

Mhariri,

Naandika kuhusu ufundishaji wa mtandaoni. Tangu vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, baadhi ya wahadhiri wamezoea kupandisha video na kuondoka. Kinachokosekana ni kuchati na mwalimu papo kwa papo. Maandishi hula bando kidogo mno kuliko video, na mwanafunzi mwenye haya, ambaye darasani hanyooshi mkono, huandika swali lake bila kuogopa kuchekwa. (Wapo wengi, na si wavivu.)

Napendekeza kila somo litengewe saa moja ya kuchati kwa wiki, usiku, walio kazini wakiwa wamerejea nyumbani. Mazungumzo hayo yahifadhiwe kwa ajili ya waliokatikiwa umeme.

Msomaji wako,
Dodoma