Neema, kuhusu kuwauza alpaka

Neema mwanangu,

Marahaba. Salamu zako tumezipata, na bibi yako alinipigia kunieleza kwamba ulipita Marangu, ni mzima, na umenenepa kidogo. Nimefurahi sana. Sisi huku Ohio hatujambo, ila baridi imekaza na mgongo wa baba yako bado unamsumbua. Najua ni huo mgongo uliokufanya uulize kwenye simu kwa nini tusiwauze alpaka wetu wote, hawa wanyama wa manyoya wa jamii ya ngamia, tukapumzika. Siku ile nilikujibu kwa mkato kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu. Leo amelala, nikujibu vizuri.

Nianze na bei, maana ndiyo fupi. Alpaka walianza kuletwa Marekani kwa wingi miaka ya 1980, na kwa muda mrefu watu waliwanunua kama wanavyonunua viwanja, kwa kutegemea kwamba kesho bei itapanda. Jike wa ukoo mzuri alifika zaidi ya dola 10,000. Biashara ilikuwa kuuziana mbegu, manyoya hayakuwa na uzito, na wanunuzi wapya walipokwisha bei ikaporomoka. Sisi tuliingia baada ya hapo, ndiyo maana tuliweza. Kwa hiyo leo ukiwapeleka mnadani, pesa utakayorudi nayo haitatufikisha popote. Tuliache hilo.

La pili ni Subira, alpaka wetu. Unakumbuka nilikuambia vuli iliyopita alianza kuburuta miguu ya nyuma. Huku kulungu wenye mkia mweupe wanazunguka kila mahali, na wanabeba mnyoo ambao wao hauwadhuru. Kinyesi chao kinaangukia malishoni, viluwiluwi vya huyo mnyoo vinaingia ndani ya konokono na koa, alpaka anameza konokono mdogo pamoja na majani, na mnyoo anapanda hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ndiyo sababu kila mwezi tunawadunga ivermektini, dawa ya minyoo. Hata hivyo sindano haizuii kila kitu, na Subira alipatikana. Daktari wa mifugo alimwanzishia fenbendazoli, dawa nyingine ya minyoo, na dawa ya kutuliza uvimbe, nasi tukawa tunamwinua kwa mikono na kumgeuza ubavu asilalie upande mmoja. Alisimama. Mpaka leo anatembea akiinamia kushoto, na akigeuka ghafla anayumba. Nani atamnunua huyo? Na mwenzake Tunu haachani naye. Alpaka hafugwi peke yake, ukimtenga na wenzake anakosa raha mpaka anaacha kula. Ukimuuza Tunu umemuua Subira. Mimi siwezi, mwanangu.

Sasa hivi kazi ni ya baridi. Asubuhi kabla hakujapambazuka naenda bandani kuangalia maji, maana ndoo isiyo na umeme wa kuipasha inageuka barafu usiku mmoja. Majani makavu tunanunua kwa jirani yetu Mwamishi, wale Wakristo wanaoishi kizamani, na tunachagua ya mkato wa pili, laini, kwa sababu ya mkato wa kwanza yana mashina na wanayabagua. Jua la miezi hii ni dogo na manyoya yao ni mazito, ngozi haipati mwanga, kwa hiyo wadogo tunawapa vitamini D mifupa isije ikapinda. Kule kwao milimani Peru na Bolivia jua ni kali mwaka mzima, hawana haja hiyo.

Jambo ambalo ningependa ulifanye kwa mikono yako ni kuwapapasa. Manyoya yanadanganya. Unamwona mnyama mnene, wa duara, kumbe ndani ni mifupa. Unapitisha vidole katikati ya manyoya, nyuma kidogo ya mabega, mpaka vinagusa uti wa mgongo, kisha unasikiliza kwa viganja: nyama ya pande mbili imejaa, imelala sawa, au imebonyea? Halafu unafunua kope la chini na kutazama rangi. Likiwa jekundu, heri. Likipauka, yule mnyoo mnyonya damu wa tumboni amezidi, yuleyule mnayemsoma chuoni Morogoro kwa mbuzi na kondoo. Kadi ya rangi tunayolinganishia, FAMACHA, ilitengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya kondoo, nayo inatusaidia hapa Ohio kila wiki mbili tatu wakati wa joto. Subira tulimjua amepungua kwa viganja, kabla jicho halijaona chochote.

Mwezi wa tano atakuja mnyoaji. Wananyolewa mara moja tu kwa mwaka, na lazima iwe kabla ya joto, vinginevyo wanaweza kufa kwa kuzidiwa. Mnyama analazwa kwenye mkeka, miguu ya mbele na ya nyuma inavutwa kwa kamba pande mbili, mtu mmoja anashika kichwa. Kazi hiyo ya kichwa ni ya baba yako, na mwaka huu nitaichukua mimi. Wengine tunawavika soksi puani, maana wakikasirika wanatema majani ya tumboni, mabichi, yenye harufu ambayo haitoki kwenye nguo. Manyoya ya mgongoni na ubavuni, ambayo ndiyo bora, yanatoka kwa kipande kimoja kama shuka, yanaingia mfuko wake. Ya shingo na miguu mfuko mwingine. Papo hapo kucha zinakatwa na meno marefu yanasawazishwa. Akiachiwa anainuka shingo ndefu na kimwili chembamba, na wenzake wanamnusa kana kwamba ni mgeni.

Uzi tunaouza unalipia mnyoaji, majani na dawa. Haubaki mwingi. Samadi yao nayo inafaa sana, wanaiweka mahali pamoja na haichomi mboga hata ukiitia bustanini mbichi, na sukuma wiki wangu wewe mwenyewe uliwala.

Kiangazi kazi ni feni na maji. Tunawarushia maji tumboni na miguuni, kamwe si mgongoni, maana manyoya ya mgongo yakilowa yanafungia joto ndani.

Sasa nifike kwenye habari niliyoihifadhi. Kawaida tunapandisha Juni. Mwaka jana nilingoja mpaka mwanzo wa Oktoba ndipo nikampeleka Tunu kwa dume. Baba yako aliuliza kwa nini, sikumwambia. Wiki mbili baadaye tulimrudisha dume mbele yake, Tunu akamtemea na kukimbia, ambayo ndiyo dalili ya kwanza kwamba ameshika, na daktari amethibitisha kwa ultrasaundi. Mimba yao ni miezi kumi na moja na nusu hivi. Piga hesabu: ni katikati ya Septemba, joto limepungua, baridi haijaingia, na chuo chenu kitakuwa bado likizo.

Nataka uwepo. Karibu kila mara wanazaa mchana, kwa hiyo hutakesha. Utaona pua na miguu miwili ya mbele, kisha mtoto anaanguka. Hapo utashangaa, wewe uliyekulia kwa ng'ombe wa bibi: mama hamlambi. Ulimi wa alpaka hautoki nje kiasi cha kulamba. Anasimama juu yake, anamnusa na kumwimbia kwa sauti ya puani, mmm, mmm, na mtoto anajibu. Sisi tunamkausha kwa taulo, tunachovya kitovu kwenye iodini, tunampima, kisha tunarudi nyuma kusubiri anyonye dang'a. Bila ile ya saa za kwanza hana kinga yoyote mwilini.

Baba yako tumekubaliana hatabeba tena majani wala kushika mnyama. Nimempata kijana wa jirani wa kuja Jumamosi. Madume wadogo wawili watahamia shamba lenye madume wenzao, pamoja, wasitengane. Waliobaki wanabaki, na huyu wa Tunu atakuwa wa mwisho kuzaliwa kwetu. Ndiyo maana nimemtaka azaliwe mkononi mwako.

Niandikie tarehe chuo kinapofunga na kinapofungua, za uhakika, kabla ya mwisho wa mwezi, ninunue tiketi bei haijapanda. Bibi mpe shikamoo yangu, na umwambie dawa ya presha asiiruke.

Ni mimi mama yako akupendaye.