Kuandika madokezo ya wiki kwa Kiswahili: alama chache, viungo vingi

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu Ngara, Nairobi, kutaka wawekewe wiki ya kampuni, yaani tovuti ya kurasa ambazo wafanyakazi wenyewe huziandika na kuzihariri, huuliza kwanza kuhusu rangi, ukubwa wa herufi na mahali pa kuweka nembo. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa wamezoea programu za kuandikia barua, ambamo ukurasa hupambwa kabla haujasomwa. Hata hivyo, tumesakinisha wiki katika karakana, zahanati na maduka ya vipuri ya jiji hili kwa muda wa kutosha kufahamu kwamba wiki haifi kwa kukosa rangi. Hufa kwa sababu kurasa zake hazishikani: fundi ameandika jambo la maana, mwenzake hajui limeandikwa wapi, na baada ya miezi michache kila mtu amerudi kupiga simu na kuuliza.

Ndiyo maana mafunzo yetu hutumia muda mfupi kwa mapambo na muda mrefu kwa viungo, yaani maneno ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Makala haya yanaeleza sababu, na yanagusa pia ugumu mmoja unaompata hasa anayeandika kwa Kiswahili.

Katika wiki huandiki kwa kubofya vitufe vya mapambo. Unaandika maandishi ya kawaida, na ndani yake unatia alama ndogo ndogo zilizoko kwenye kibodi, kisha programu inazigeuza kuwa vichwa, orodha na viungo pindi unapohifadhi. Hiki hapa kipande cha ukurasa wa kampuni inayotengeneza pampu za visima, kama mwandishi anavyokiona anapokihariri katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia:

== Kung'oa pampu kisimani ==
# Zima umeme kwenye [[kidhibiti cha pampu]].
# Pima kina cha maji, kisha ukiandike katika [[daftari la kisima]].
# Usivute pampu kwa kebo ya umeme. '''Kebo haikuwekwa kubeba uzito.'''

Alama mbili za usawa kila upande zimefanya kichwa. Alama ya reli mwanzoni mwa mstari imefanya orodha yenye nambari, ambayo programu itaihesabu yenyewe hata ukiingiza hatua mpya katikati. Ritifaa tatu (ritifaa ni alama iliyo ndani ya neno ng'oa) zimekoza onyo, na mabano mraba mawili mawili yamefanya viungo. Ukiongeza nyota kwa orodha isiyo na nambari, na ritifaa mbili kwa herufi za mlazo, umemaliza alama ambazo karibu kila ukurasa wa kazi utahitaji. Tazama pia kwamba kipande hicho kinasomeka hata kabla hakijageuzwa. Fundi aliye kisimani na simu yenye intaneti dhaifu, akitumiwa maandishi hayo matupu kwa ujumbe mfupi, ataelewa afanye nini. Wazo hilohilo ndilo lililomwongoza John Gruber, mwandishi wa Marekani, alipotoa Markdown, mfumo mwingine wa kuandika kwa alama, mwaka 2004: maandishi yenye alama yasomeke vyema yakiwa hayajageuzwa.

Onyo moja kwa wanaohama kutoka programu moja hadi nyingine. Alama hizi hazifanani kila mahali. Katika Markdown alama ya reli hufanya kichwa, ilhali katika MediaWiki hufanya nambari, kwa hiyo aliyezoea ya kwanza atashangaa kuona kichwa chake kimekuwa hatua ya 1. Katika DokuWiki, programu nyingine ya wiki, herufi nzito ni nyota mbili kila upande, mlazo ni mikwaju miwili, na kadiri alama za usawa zinavyozidi ndivyo kichwa kinavyokuwa kikubwa, kinyume kabisa cha MediaWiki. Chagueni programu moja, mwandike alama zake katika ukurasa mmoja mfupi, na ukurasa huo uunganishwe na ukurasa wa mwanzo.

Makosa yanayotuita kwa wateja baada ya mafunzo ni madogo, lakini madhara yake si madogo. Katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, mwandishi mwangalifu aliacha mstari mtupu kati ya hatua na hatua ili ukurasa upumue. Katika MediaWiki mstari mtupu hukatiza orodha, na hesabu huanza upya. Ukurasa wake ukawa na hatua saba, zote zikiitwa 1. Kijana wa ghala akamwambia fundi kwa simu, "Anza na ile ya kwanza," na kila mmoja alikuwa na ya kwanza yake. Mistari mitupu ilipoondolewa, hesabu ilirudi mahali pake. Kosa la pili ni nafasi moja mwanzoni mwa mstari, ambayo huugeuza mstari huo kuwa kisanduku chenye herufi za taipureta. La tatu ni ritifaa: wengi huandika alama moja ya kunukuu mahali pa ritifaa mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ritifaa ina matata mengine yanayotuhusu sisi zaidi kuliko Waingereza, kwa sababu tunayo katika ng'oa, ng'ombe na ng'ara. Ritifaa moja ndani ya neno haisumbui kitu, kwani programu huanza kuitafsiri zikiwa mbili au zaidi. Tatizo ni simu ambazo hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa msomaji ni neno lilelile, lakini kwa wiki "Kung'oa pampu" yenye ritifaa iliyonyooka na yenye iliyopinda ni kurasa mbili tofauti. Zimeni mpangilio huo katika simu za kazi.

Sasa viungo. Wiki ya kwanza ilifunguliwa na Ward Cunningham, mtayarishaji programu wa Marekani, tarehe 25 Machi 1995. Jina alilitoa kwa mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliyoitwa Wiki Wiki, maneno ya Kihawaii yenye maana ya haraka, yakirudiwa kama nasi tunavyosema upesi upesi. Upesi huo ulionekana hasa katika kuunganisha. Uliunganisha maneno mawili au zaidi kwa herufi kubwa, mfano wa DaftariLaKisima, na papo hapo likawa jina la ukurasa na kiungo chake. Wikipedia nayo ilianza hivyo Januari 2001, na katika mwaka huohuo ikahamia mabano mraba mawili, ambayo huruhusu jina liandikwe kama watu wanavyoliandika. Tunayashukuru mabano hayo, kwa sababu majina yetu ya vitu yamejaa viunganishi vya, la na cha, na kuyabandika pamoja huyafanya yasisomeke.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni hili: andika kiungo hata kama ukurasa wake haupo. Ukiwa katikati ya kueleza jinsi ya kung'oa pampu na ukataja kidhibiti, kitie ndani ya mabano na uendelee. Katika MediaWiki kiungo hicho kitakuwa chekundu. Wateja wengine huogopa wekundu huo wakidhani wamekosea, hata huja kutuomba tuuondoe. Tunawaomba wauache. Kiungo chekundu ni kumbukumbu kwamba hapa pana jambo ambalo mtu alilihitaji na halijaandikwa, na anayelijua akikibofya hufunguliwa ukurasa mtupu wenye jina tayari. Programu pia hutunza orodha ya kurasa zinazohitajika, ikitanguliza zilizounganishwa mara nyingi. Msimamizi akiitazama orodha hiyo kila Ijumaa, hahitaji kikao cha kuamua nini kiandikwe juma lijalo.

Kinyume chake pia kipo: kutoka ukurasa wowote unaweza kuuliza ni kurasa zipi zinazouelekea. Aina fulani ya kebo ikiacha kuuzwa, fungua ukurasa wa kebo hiyo, uliza viungo vinavyokuja, na utapata kila utaratibu na kila kisima kinachoitaja. Jibu hilo halipatikani kwa njia hiyo ikiwa waandishi walikoza neno kwa herufi nzito badala ya kulitia katika mabano. Kwa macho ya msomaji maneno yote mawili yanajitokeza, lakini moja ni wino tu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotaka uangalifu wake. Anayeandika Kiingereza huongeza herufi mwishoni mwa neno ili kupata wingi, na MediaWiki huzivuta herufi zinazofuata mabano ziwe sehemu ya kiungo. Sisi wingi wetu hukaa mbele. Mwandishi anayetaja vipuri akiandika [[vipuri]], na mwenzake akaandika [[kipuri]], wamefungua kurasa mbili za jambo moja, tena zilizo mbali sana katika orodha ya alfabeti. Dawa ni mstari wima: [[kipuri|vipuri]], yaani nenda kwenye ukurasa wa kipuri lakini onyesha neno vipuri. Vivyo hivyo [[mteja|wateja]] na [[fundi|mafundi]]. Vitenzi navyo hubeba viambishi, kwa hiyo sentensi yenye "alipoing'oa pampu" itaandikwa [[Kung'oa pampu|alipoing'oa pampu]]. Ni kazi kidogo zaidi kwa mwandishi, ila baada ya siku chache vidole huizoea. Kuna mahali ambapo lugha yetu inapata nafuu, nako ni kwenye kiambishi cha mahali: ukiandika [[ghala]]ni, silabi ya mwisho huingia katika kiungo yenyewe, na msomaji anabofya ghalani akafika kwenye ukurasa wa ghala.

Kwa sababu hiyo tunawashauri wateja waweke kanuni ya majina kabla ya ukurasa wa kumi. Vitu viitwe kwa umoja, na kazi zianze kwa ku-: Kubadilisha kebo, si Ubadilishaji wa kebo wala Jinsi ya kubadilisha kebo. Herufi kubwa iwe ya kwanza pekee, kwani MediaWiki haijali herufi ya kwanza ikiwa kubwa au ndogo lakini huzijali zote zinazofuata, na "Pampu ya Maji" si ukurasa mmoja na "Pampu ya maji". Kwa wale watakaotafuta kwa wingi, fungua ukurasa wa "Vipuri" usio na kitu ila maelekezo ya kwenda "Kipuri". Na mkikosea jina, hamisheni ukurasa badala ya kunakili maandishi yake, kwa kuwa uhamishaji huacha maelekezo katika jina la zamani na viungo vya nyuma havikatiki.

Kanuni hii ina gharama yake, nasi hatuifichi. Kazi zote zikianza kwa ku- na vitu vingi vikianza kwa ki-, orodha ya alfabeti hulundikana chini ya herufi K na haimsaidii mtu. Ndipo makundi ya kurasa yanapohitajika, au jamii, kama zinavyoitwa katika Wikipedia ya Kiswahili. Wiki iliyosakinishwa kwa Kiswahili huelewa [[Jamii:Kazi za kisimani]] ikiandikwa chini ya ukurasa, na kurasa zote zenye alama hiyo hukusanyika pamoja bila mtu kuzipanga. Jamii chache zinatosha. Tumeona kampuni ya watu wanane yenye jamii zaidi ya kurasa, na hakuna aliyekumbuka ipi ni ya nini.

Huduma yetu kwa biashara ndogo za Nairobi ni kusakinisha wiki kwenye seva yenu au yetu, kuweka utaratibu wa nakala rudufu za kila usiku, na kufundisha kwa asubuhi mbili. Asubuhi ya kwanza hatuji na mifano yetu. Tunawaomba mlete daftari lililochakaa kuliko yote kazini, lile lenye namba za simu pembeni na madoa ya grisi, pamoja na mtu anayelijua vizuri zaidi. Yeye atasoma kwa sauti, mwenzake ataandika, na kila anaposema "lakini hiyo ni habari nyingine", mwandishi atafungua mabano mawili.