Msimuumbue mtu mbele za watu: barua ya wazi kwa vijana wetu wanaofanya kazi na Wachina

Wanangu mnaosimamia mafundi kwenye miradi inayojengwa na makampuni ya Kichina, mnaotafsiri vikao vyao, na mnaokwenda Guangzhou na Yiwu kufuata mizigo ya Kariakoo, nawasalimu kwa upendo. Nilianza kufanya kazi na Wachina nikiwa kijana wa miaka 19 kwenye reli ya TAZARA, na nimestaafu nikiwa mkalimani wao. Nisingeshika kalamu kama nisingekuwapo, miezi miwili iliyopita, kwenye kikao kimoja cha ujenzi hapa Dar es Salaam, ambako mpwa wangu mwenye kandarasi ndogo ya nondo na zege aliniomba niketi naye.

Katikati ya kikao, kijana wetu mmoja, msimamizi hodari ambaye kazi yake naiheshimu, alisimama na mchoro mkononi. Alikuwa amegundua kwamba nafasi kati ya ringi na ringi, yaani vyuma vinavyozifunga nondo pamoja, kwenye boriti moja imeandikwa milimita 200, ilhali ukurasa unaotangulia unasema 150. Kosa lilikuwapo kweli, na kulibaini kabla zege halijamwagwa ni jambo la kupongezwa. Lakini aliuinua ule mchoro juu ili kila mtu auone, akamnyooshea kidole mhandisi mzee wa Kichina aliyeuchora, akasema kwa sauti kubwa: "Hili ni kosa lako, siyo letu, na mafundi wangu hawatalilipia." Mafundi wakacheka, na mmoja wao akatoa simu akaanza kurekodi.

Nilimtazama yule mzee. Hakujibu. Alitabasamu kidogo, akavuta chupa yake ya chai, ile ya kioo ambayo majani yanaonekana yakielea ndani, akakikaza kifuniko polepole mpaka mwisho, kisha akakilegeza na kukikaza tena. Vijana wetu waliliona tabasamu wakadhani mzee amekubali na mambo yamekwisha. Mimi niliviona vidole vyake vikitetemeka juu ya kile kifuniko. Wiki tatu baadaye kazi ya ghorofa zilizobaki ilipelekwa kwa watu wengine. Haikuandikwa barua ya lawama wala halikutamkwa neno la hasira, na mafundi 11 walirudi nyumbani bila kujua walichokosa.

Wachina wana neno mianzi, ambalo likiandikwa kwa herufi zetu hufanana kabisa na jina la ule mmea wa kujengea, lakini maana yake ni uso, yaani heshima ambayo mtu anayo machoni pa wenzake. Mtu humpa mwenzake mianzi anapomsifu kwa haki mbele ya wakubwa zake, na humwondolea anapomsahihisha, anapomkatiza au anapomcheka mbele ya wadogo zake. Uso uliopotea hadharani haurudishwi kwa kuombana radhi chemba, na ndiyo maana yule mzee hakuhitaji kubishana na mtu yeyote siku ile.

Wala msiniambie kwamba haya ni mambo ya kigeni. Sisi tuliolelewa na bibi zetu tulifundishwa sitara kabla ya kufundishwa kusoma, na tuliambiwa kwamba mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Ni lini tulianza kuona fahari kumvua mtu mzima nguo huku tukimrekodi kwa simu? Ugonjwa huu hatukuupata kwa Wachina. Tumeuleta wenyewe kutoka mitandaoni, ambako kumuumbua mwenzako kumekuwa kipaji cha kupigiwa makofi, na sasa tunaingia nao maofisini.

Mwaka 1973 nilikuwa kwenye kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, ambacho kwa milima yake kilikuwa kigumu kuliko vipande vingine vyote katika kilomita 1,860 za reli ile, kwa wingi wa madaraja na mahandaki. Nilipewa kazi ya kupiga mbao za kumwagia zege la nguzo, nami kwa haraka ya ujana nikazipiga zikiwa zimelalia upande mmoja. Mkuu wetu wa kundi, Mchina wa makamo, alipita mchana, akasimama, akatazama, akaenda zake. Jioni wenzangu walipokwenda kula, alikuja na taa ya chemli na timazi, akanikabidhi taa niishike, akapiga magoti, akang'oa misumari mmoja mmoja na kuipiga upya mpaka kamba ya timazi ikatulia sawasawa na ubao. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache na Kichina changu kilikuwa kichache zaidi, kwa hiyo alinionyesha tu kamba, akanionyesha ubao, akanigusa bega. Kesho yake asubuhi, mbele ya kundi zima, alisema kwamba mbao za nguzo ile ziko vizuri. Baada ya siku ile sikupiga ubao hata mmoja pasipo timazi, na kama mkuu yule angeniomba nibebe mataruma kichwani mpaka Kapiri Mposhi, mwisho wa reli kule Zambia, ningeyabeba.

Basi mkiona kosa, fanyeni hivi. Mfuate mwenye kosa akiwa peke yake, na neno lako lije kwa sura ya swali: "Mhandisi Wang, naomba unieleweshe, kurasa hizi mbili zinapishana, nifuate upi?" Atauona ukweli mwenyewe, na mara nyingi mchoro uliosahihishwa utakuwa mezani kwako kabla ya jioni. Ukihitaji maandishi kwa usalama wako, na unayahitaji, mwandikie kwenye WeChat, mtandao wao wa kutumiana ujumbe, yeye peke yake, wala usiliweke jambo hilo kwenye kundi ambamo bosi wake na vijana wake wote wanasoma. Kama zege liko njiani na nondo ni pungufu, simamisha kazi papo hapo, kwa maana maisha ya watu yako juu ya uso wa mtu yeyote. Lakini kusimamisha kazi hakuhitaji kidole wala kelele, kwani unaweza kusema kwamba kuna kipimo kinachohitaji kuhakikiwa na ukaishia hapo.

Jifunzeni pia kusikia "hapana" yao, kwa sababu ni nadra kutamkwa. Akisema kwamba watalifikiria, kwamba watalichunguza, au kwamba jambo hilo halina urahisi kwa sasa, amekwisha kukataa, na kumng'ang'ania ni kumlazimisha akutamkie waziwazi kile alichojitahidi kukusitiri nacho. Sisi wenyewe husema "tutaona" na "tuombe uzima", kwa hiyo lugha hii hatukupaswa kuikosa.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Jina la ukoo hutangulia, na cheo hufuata jina hilo, kwa hiyo Wang akiwa meneja ni Wang jingli, na jina lake la pili waachieni ndugu na marafiki zake. Kadi ya mtu pokeeni kwa mikono miwili na muisome kabla ya kuiweka. Mezani subirini muonyeshwe viti, na msisimamishe vijiti vya kulia ndani ya wali, kwa kuwa hivyo ndivyo ubani unavyochomwa kwa ajili ya wafu. Msimzawadie mtu saa ya ukutani au ya mezani, kwa maana kutamka zawadi hiyo kunafanana na kutamka kumzika mzazi, wala mwavuli, ambao jina lake linakaribiana na neno la kutawanyika. Baada ya chakula cha mchana wengi hulala kidogo, basi msiwagongee mlango. Mwaka Mpya wao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari au baadaye kidogo, na viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa, kwa hiyo mwenye mzigo aagize mapema.

Wanangu Waislamu, na wengine msiokunywa pombe, msiikimbie karamu. Nyanyueni kikombe cha chai na mseme "yi cha dai jiu", yaani chai badala ya pombe, na mkigonganisha na mkubwa, ukingo wa chombo chenu uwe chini ya ukingo wa chake. Hakuna atakayekasirika.

Sisemi kwamba mjishushe. Najua wako wakubwa wa Kichina wanaowafokea mafundi wetu mbele ya vibarua, wanaowafanyisha kazi kupita saa 45 za kawaida kwa juma zilizowekwa na sheria yetu bila malipo ya ziada, na wasiotoa mikataba. Uso wa fundi wa Mbagala nao ni uso. Mkidhulumiwa, chukueni daftari la saa zenu, nendeni kwa chama cha wafanyakazi au kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mzungumze kwa hati zilizokamilika. Lakini nasi tujitazame. Watoto wetu wanawapigia Wachina kelele za kuigiza lugha yao njiani, na sisi watu wazima tunapita tukicheka. Tunasema kitu kibovu ni "cha Kichina", na hali mfanyabiashara wetu ndiye aliyeulizwa kiwandani anataka daraja gani, akachagua la chini kabisa ili apate faida ya haraka, kisha akarudi kuwalaumu waliomtengenezea alichokiagiza.

Huko Majohe, Gongo la Mboto, yako makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofia nchini kwetu, wengi wao katika miaka ile ya reli. Kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, siku ya Qingming, ambayo Wachina huwakumbuka wafu wao, wenzao huenda kuyafagia na kuweka maua. Ukialikwa, nenda, uvae kwa staha, usimame kimya kama unavyosimama kwenye msiba wa jirani. Sisi ni watu wa kuzikana, na hakuna karamu itakayokuweka karibu na mwenzako wa kazi kama kusimama naye pale.

Na wewe mwanangu uliyesimama na mchoro siku ile, najua utaisoma barua hii, na sikutaji jina. Ulikuwa sahihi kuhusu ringi. Yule mzee bado yuko kwenye mradi, nami nimeambiwa kwamba hukaa ofisini peke yake kuanzia saa nane na nusu mchana, akishaamka. Mpelekee majani mazuri ya chai ya Mufindi, umpe kwa mikono miwili, umwombe akufundishe kusoma michoro yake, na mambo ya kikao kile usiyataje mpaka ayataje yeye. Ukiona ni vigumu kwenda peke yako, mwambie mpwa wangu, na Jumamosi nitakusindikiza.