Msikwangue rangi ya zamani watoto wakiwa barazani

Mhariri,

Minada ya korosho imekaribia, na sisi wa kusini tunajua fedha ikishaingia inakwenda wapi: ada, bati, halafu rangi. Kuanzia Oktoba mpaka Krismasi hukosi mtaa hapa Mikindani ambao fundi hajatoa kitanda cha mtu nje akakipiga msasa. Naomba nafasi gazetini kabla msimu haujashika moto. Linaloniandikisha ni vumbi la huo msasa.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, mingi katika hiyo kwenye kliniki ya mama na mtoto. Julai mwaka jana nilimwita fundi anisafishie kabati aliloniachia bibi yangu mzaa mama. Ni kabati la mninga, milango miwili na droo tatu, na juu lina taji la nakshi ya maua. Lilikuwa limepakwa rangi mara nne, maana kila harusi nyumbani kwetu ilikuwa na rangi yake. Ya kijani ninaikumbuka vizuri, ni ya mwaka 1974, alipoolewa shangazi yangu.

Fundi ni kijana mwenye adabu na mkono mzuri. Alikuja na mashine ya umeme ya kusagia rangi, akaichomeka pale barazani. "Bibi, saa moja tu nimemaliza." Hazikupita dakika tano, baraza likawa kijani. Vumbi lilitanda mkekani, likatua kwenye kanga zilizoanikwa na juu ya kikombe cha uji cha mjukuu wangu wa miaka miwili na nusu. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa pale pale mkekani. Analowesha kidole kwa mate, anachora kwenye lile vumbi, halafu kidole kinarudi mdomoni.

Nikasema, "Mwanangu, zima." Akazima. Nikambeba mtoto nikamwosha mikono na uso, uji nikaumwaga. Mashine ilikuwa imeshakula petali mbili za ua la katikati, na hizo hazirudi.

Rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi, zikolee na zidumu. Njano, nyekundu na kijani ndizo za kuogopwa zaidi. Kwa macho huwezi kuitambua, kwa hiyo rangi yoyote ya zamani tuichukulie kuwa inayo. Ikiwa imetulia juu ya mbao bila kubanduka haina ugomvi na mtu. Ubaya unaanza tukiisaga ikawa vumbi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara mwilini. Katika risasi aliyoimeza, mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaingia kwenye ubongo ambao bado unakua, nyingine inajificha kwenye mifupa, na mtoto huyo akiwa wa kike, akija kushika mimba inatoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Tena si kama malaria, kwamba mtoto atachemka mama amkimbize zahanati. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, hatulii, nasi tunasema hana akili, tunampiga. Nimewaona watoto wa namna hiyo kwenye mizani ya kliniki, na miaka ile sikuwahi kumuuliza mama hata mmoja kama nyumbani kuna rangi inayokwanguliwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na fundi je? Anarudi kwake jioni na shati lile lile, mwanawe anamrukia.

Kazi hatukuiacha. Tulilihamishia kabati uani, chini ya mwembe, upande ambao upepo wa kusi hauelekei mlangoni. Tukatandika turubai chini, watoto wakapelekwa kwa jirani mchana kutwa. Badala ya mashine tulinunua msasa wa maji, ule mweusi wanaoutumia wapaka rangi wa magari, tukaweka ndoo yenye maji na tone la sabuni. Unalowesha mbao, unasugua taratibu, rangi inatoka kama tope na haipai hewani. Tope unalifuta kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka. Palipobanduka penyewe tulikwangua kwa kipande cha kioo, kama walivyofanya maseremala wa zamani, lakini napo tulipalowesha kwanza.

Kahawia ilitoka, ikaja bluu, ikaja ile kijani ya shangazi, chini kabisa ya rangi ya maziwa. Halafu mninga ukajitokeza, wa rangi ya asali yenye michirizi myekundu. Tulipochomoa droo ya kati tulikuta hesabu za fundi wa kwanza nyuma ya ubao, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu. Yule fundi kijana alisimama kimya akizitazama, kisha akasema, "Bibi, hapa ningepitisha mashine nisingeona kitu." Tuliziacha kama zilivyo.

Maji yasizidi, mbao ikilowa sana inavimba. Tuliliacha kivulini siku tatu. Rangi yote ilipokwisha ndipo tukapitisha msasa mkavu laini, nje, puani tukiwa tumejifunga, kwa sababu unga wa mninga nao unawachosha wengine kwa chafya. Mtu asidhani, lakini, kwamba barakoa ya kitambaa itamkinga na vumbi la rangi. Lile ni laini mno, linapenya.

Vanishi tulipaka Agosti, tukisubiri saa nne umande ukauke, mkono wa kwanza ukiwa umezimuliwa kwa tina ukawa mwepesi. Ukipaka hewa ikiwa na unyevu inaweka ukungu mweupe.

Wapo wanaounguza rangi kwa moto. Risasi ikipata moto mkali inageuka moshi, unaivuta moja kwa moja. Wapo wanaotumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Inatoa rangi kweli, lakini inaunguza ngozi na macho, na mninga inaufanya mweusi. Baadhi ya dawa za dukani za kutoa rangi nazo zina mvuke ambao umeshaua watu waliofanya kazi vyumba vimefungwa. Kama ni lazima, iwe nje kabisa.

Tope, vitambaa na misasa iliyotumika tulifunga kwenye mfuko tukatupa na taka. Hatukuchoma, wala hatukumwaga kwenye matuta ya mchicha. Sakafu ya baraza haikufagiliwa, ilipigwa deki mara tatu. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Yote hayo yalichukua siku sita badala ya saa moja, na hapo ndipo ninapotaka kusema na wenzangu wenye nyumba. Fundi hatumii mashine kwa ubaya. Tunapatana naye bei ya kitanda kizima, tena tunambana, naye ana kitanda kingine kinamsubiri jioni. Mimi nilimlipa kwa siku, siku zote sita. Ukitaka afanye kwa maji, mlipe muda wa maji. Na kama fedha haitoshi, acha rangi ya zamani ilivyo, pitisha kitambaa kibichi, paka mpya juu yake.

Vyuo vya ufundi vya Mtwara na Lindi navyo naomba viwafundishe vijana kazi hii ya maji tangu mwaka wa kwanza. Na wenye maduka ya rangi, mteja akija kununua msasa, muulizeni tu: ni wa mbao mpya au ya zamani? Nyumbani kuna mtoto?

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara