Mbona Skyrim ya hapa haina mshale? Na tunachokiomba kwenye Elder Scrolls VI

Malalamiko yanayofika kaunta ya hapa kwetu, tunapokodisha kompyuta za gemu, mara nyingi ni haya: "Bosi, mashine ya dirishani mbovu, mshale hauonekani." Si mbovu. Skyrim ni gemu ya tano ya mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda, na kwenye kompyuta mbili za upande wa dirisha tumeuzima mshale wa misheni, ile alama inayokuonyesha uelekee wapi, makusudi kwa modi ndogo (nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na mashabiki), tukaweka modi nyingine inayoongeza maelekezo ya njia kwenye kitabu cha misheni, na tukawasha Survival Mode, ile hali ya njaa, usingizi na baridi ambayo pia inakunyima kuruka kwa ramani, yaani kuchagua mahali kwenye ramani ukatokea hapo bila kutembea. Kompyuta zilizobaki zina Skyrim ya kawaida. Ukitaka yenye mshale sema tu, utahamishwa na dakika zako zitakufuata.

Swali la pili kwa wingi ni la Elder Scrolls VI, gemu ya kuifuata Skyrim. Haijatoka. Kilichopo ni kile kipande kifupi cha video ambacho Bethesda walikionyesha Juni 2018 kwenye maonyesho ya E3: milima, ukingo wa bahari, muziki, jina, basi. Anayekuuzia flashi yenye gemu hiyo anakuuzia Skyrim yenye jalada jipya, ukiwa na bahati. Ukiwa huna, kuna virusi pia. Skyrim yenyewe ilitoka 11 Novemba 2011. Waliokuwa chekechea mwaka ule leo wanakodi mashine kwa hela yao wenyewe.

Maswali haya mawili kwetu yana jibu moja. Tumeuzima mshale kwa sababu ile ile ambayo tungewaambia Bethesda kama wangepita hapa kuuliza: gemu ijayo haihitaji ramani kubwa zaidi. Inahitaji mahali ulipo na siku uliyopo viwe na kazi.

Chukua Morrowind ya 2002, gemu ya mfululizo huo huo. Unashushwa melini Seyda Neen, unapewa bahasha, unaambiwa uende Balmora ukamtafute mtu anayeitwa Caius Cosades, na kwamba wanaomjua ni wale wa kilabu cha South Wall. Hakuna mshale. Unafika Balmora, unauliza, unakosea mlango, unauliza tena, kama unavyotafuta nyumba ya fundi kwenye mtaa usioujua. Ukimpata, na mji umeshaujua. Kesho ukitumwa tena Balmora hutafungua ramani.

Oblivion ya 2006, iliyoifuata, ikaleta mshale na kuruka kwa ramani tangu mwanzo, na Skyrim ikaendelea navyo. Kwetu sisi mshale wenyewe si tatizo. Tatizo ni kwamba ukishakuwepo, waandishi wanaacha kuandika njia. Mtu anakuomba umrudishie upanga wa familia ulioibwa, kitabu cha misheni kinaandika "rudisha upanga", na kwisha. Pango liko upande gani? Mshale unajua, mwenye upanga hajui. Ndiyo maana ukiuzima bila ile modi ya maelekezo utazunguka hadi muda wako uishe, na hapo una haki ya kutulalamikia.

Cha kuumiza ni kwamba Skyrim yenyewe ilishaonyesha kuwa inaweza. Ingia duka la Riverwood Trader mwanzoni kabisa. Lucan ameibiwa kucha la dhahabu, anagombana na dada yake Camilla. Ukikubali kulitafuta, Camilla anatoka nawe nje, anakupitisha kijijini hadi darajani, anasimama na kukuonyesha mlimani: pale juu, Bleak Falls Barrow. Unainua macho na kweli magofu unayaona. Hakuna aliyecheza hapa akasahau njia ile. Kisha gemu inaendelea kwa makumi ya saa, na ni nadra sana mtu mwingine kukusindikiza hata hadi getini.

Ombi letu la kwanza basi: maneno ya kila misheni yaandikwe kana kwamba mshale haupo, halafu mshale uwekwe kwa anayeutaka. Tunajua kila sentensi siku hizi inasomwa na mwigizaji na inalipiwa, wakati Morrowind sehemu kubwa ilikuwa maandishi. Sawa. Mwigizaji aseme kwa kifupi, kitabu cha misheni kieleze kwa kirefu. Maandishi hayana gharama hiyo.

Mahali panapotea kwa njia nyingine pia, na hapa waliocheza Oblivion watacheka. Kule ukipanda leveli, dunia yote inapanda nawe. Unafika leveli za juu, jambazi anakuzuia barabarani akidai vipande 100 vya dhahabu, naye amevaa zirahi ya kioo, ile ya kijani, ambayo akiiuza analipa madeni yake yote na kufungua genge. Mfanyabiashara yeyote akimwona anajiuliza huyu anaiba kwa shida gani. Kwa namna hiyo hakuna barabara ya hatari wala barabara salama; kote ni sawa na wewe. Skyrim ilipunguza ugonjwa huu: maeneo mengi yana kiwango cha chini na cha juu, na pango hupimwa siku ya kwanza unapoingia likabaki hivyo. Jitu lililo karibu na mji wa Whiterun nalo halijali wewe ni mgeni. Ukilichokoza mapema linakupiga rungu moja unapaa hadi mawinguni. Kila mteja wetu amepaishwa. Na kila mteja anajua lile jitu linakaa wapi. Tunaomba mengi ya namna hiyo.

Biashara ndiyo inayotukera zaidi, labda kwa sababu ndiyo kazi yetu. Belethor, mwenye duka wa Whiterun kwenye Skyrim, ana sarafu 750, ukizimaliza unasubiri saa 48 za ndani ya gemu, anajaza tena. Bei anayokupa haitofautiani na ya miji mingine kama Solitude au Markarth. Inayobadilisha bei ni ustadi wako wa kuongea, si mji. Kuna misafara ya Khajiit, wale watu-paka, inayotembea mji hadi mji mwaka mzima, lakini ukiikagua huoni faida yao iko wapi, maana bidhaa inayotoka kaskazini haipandi thamani ikifika kusini. Hakuna sababu ya kubeba chochote kwenda popote, isipokuwa uzito wa mfuko wako umekushinda.

Na wakati? Skyrim inaanza tarehe 17 ya Last Seed, mwaka 201 wa Enzi ya Nne. Bonyeza T kusubiri, utaona tarehe inakwenda na miezi inapita. Lakini theluji ya Winterhold iko pale pale, na miti ya Rift ina majani ya dhahabu mwezi wowote utakaokwenda. Kalenda ipo, haina kazi.

Sasa turudi kwenye ile video ya 2018 yenye pwani. Mashabiki wengi wanakisia ni Hammerfell, nchi ya watu wa Redguard kwenye dunia ya gemu hizi, yenye jangwa la Alik'r na miji ya bandari kama Sentinel. Iwe Hammerfell au kwingine, ikiwa kuna bahari tuna pendekezo ambalo mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa: wekeni pepo za msimu. Huku majahazi ya Uarabuni na India yalikuja na kaskazi, kuanzia kama Desemba, yakarudi kusi ikishaingia kuanzia kama Aprili. Pepo hizo ndizo zilizopanga nani yuko mjini, bei ya tende ni ngapi na nyumba gani imejaa wageni.

Fikiria bandari ya gemu ikiendeshwa hivyo. Msimu mmoja gati limejaa, vyumba vya wageni vimekwisha, bidhaa za ng'ambo zimeshuka bei, na kuna nahodha mwenye misheni nzuri ambaye anakuambia mapema kwamba upepo ukigeuka anang'oa nanga. Msimu wa pili gati ni tupu, bei imepaa, wezi wamehamia maghala yasiyo na watu, na kumfuata yule nahodha ni safari ya nchi kavu kupitia jangwani. Ukinunua bidhaa msimu huu ukauza ujao, hiyo ni biashara. Linganisha na meli za Solitude na Windhelm zilizofungwa gatini tangu 2011 bila kusogea hata kidogo.

Mteja mmoja alituambia hapo atachukia, kwa sababu hapendi misheni impite. Ana hoja. Hadithi kuu isifungwe na msimu, na asiyepata nahodha mwaka huu ampate mwaka ujao. Lakini gemu ambayo kila mtu anakusubiri milele mlangoni inakufanya wewe uwe pekee unayeishi humo.

Kuruka kwa ramani hatusemi kufutwe. Anayelipia saa moja hawezi kutembea dakika arobaini. Kule Skyrim kuna mikokoteni ya farasi nje ya miji mikubwa, nauli ndogo tu, na kwenye Survival Mode ndiyo tegemeo. Iongezwe mikokoteni hadi vijijini, ziongezwe meli zinazokwenda kweli, tutalipa nauli.

Mengine ni ya fundi. Starfield ya 2023 inataka GB 125 na SSD, ile diski ya kasi. Kwa bando la huku hiyo ni mali. Ijayo itupe nafasi ya kuacha picha za ubora wa juu kwa mashine ndogo. Na masasisho yasilazimishwe: lile la Novemba 2021 lilibadilisha faili kuu la Skyrim, modi zinazotegemea SKSE, programu ya mashabiki inayoziongezea modi uwezo, zikagoma hadi watengenezaji wake walipozirekebisha. Kwenye mashine zetu tumezuia gemu kujisasisha yenyewe kwa sababu hiyo.

Kwa anayetaka mpangilio wa dirishani nyumbani kwake: leta kompyuta na akaunti yako mwenyewe ya Steam, Skyrim iwe Special Edition. Survival Mode ni bure kwa toleo hilo. Kabla hujaja, nakili folda ya Saves iliyo ndani ya Documents, My Games, Skyrim Special Edition, uiweke kwenye flashi. Ni vizuri kuanza mhusika mpya, na modi ikishawekwa usiitoe katikati ya safari, kwa kuwa inaweza kuharibu ulichoseivu. Kwenye PS4 na PS5 modi zimebanwa, haziruhusiwi kuleta vitu vipya kutoka nje ya gemu, kwa hiyo hatutozi hela kwa kazi hiyo, fanya mwenyewe: fungua kitabu cha misheni, ondoa alama kwenye kila misheni uliyoichagua, na mshale wenyewe unaondoka.